Minyoo Imetoka, Mwili Haujarudi

Dawa ya minyoo ina kazi moja: kuua minyoo, au kuilegeza itoke. Hairudishi damu iliyonyonywa, haiponyi utumbo uliochubuka, haiweki nyama kwenye mbavu. Ndiyo maana mtoto wa mbwa aliyemeza dawa Jumatatu na kutoa minyoo Jumanne bado ni mgonjwa Jumatano, na wapo wanaokufa katika siku hizo hizo ambazo mwenyewe ameshatangaza kwamba amepona. Ukiwa Busunzu, au popote kati ya Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, mbwa unamtaka alinde mahindi yasimalizwe na nyani na nguruwe pori, na usiku alale mlangoni akiwa na sikio moja wazi. Mwili wa kazi hiyo hujengwa katika miezi ya kwanza ya maisha yake, na miezi hiyo ndiyo minyoo huipenda. Mwongozo huu ni wa wiki sita hadi nane zinazofuata dawa, kwa sababu hapo ndipo mbwa wengi huachwa peke yao.

Anza na fizi. Kila asubuhi kabla ya chakula, inua mdomo wa juu wa mbwa utazame ufizi ulio juu ya jino chonge. Ufizi wa mbwa mzima ni wa waridi na unateleza kwa mate. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia: rangi inatakiwa irudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Mbwa mwenye fizi nyeusi kwa asili, mvute kope la chini la jicho utazame nyama ya ndani. Waridi iliyofifia inakuambia kwamba damu imepungua, na mbwa huyo anahitaji chakula na mapumziko. Weupe kabisa, tena mbwa akihema haraka hata akiwa amelala, ni hatari ya siku hiyo hiyo. Usimkimbize, usimwogeshe. Mfunike kwa kanga au gunia kavu umpeleke kwa daktari wa mifugo, maana huenda akahitaji kuongezewa damu, na chakula peke yake hakitamuwahi.

Wanaokula damu ni safura. Mnyoo mmoja wa safura ya mbwa ni mfupi na mwembamba, lakini hung'ata ukuta wa utumbo, hunyonya, kisha huhama na kuacha kidonda kinachoendelea kuvuja. Hukadiriwa kwamba kila mmoja humpotezea mbwa hadi sehemu ya kumi ya mililita ya damu kwa siku. Wakiwa 100, hiyo ni mililita 10 kila siku, na mtoto wa mbwa wa kilo 2 ana damu isiyofika mililita 200 mwilini mwote. Kinyesi chake huwa cheusi na chenye kunata. Minyoo mviringo, ile mirefu myeupe inayoweza kufika sentimita 18, hainyonyi damu. Yenyewe hula chakula cha mbwa na kumfanya tumbo livimbe huku mgongo ukionyesha mifupa. Wengi huliona tumbo hilo na kusema mbwa ameshiba. Hajashiba. Ya tatu ni tegu, ambayo utaijua kwa vipande vidogo vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele, vinavyoonekana kwenye manyoya karibu na mkundu.

Mtoto wa mbwa hakusubiri kuokota minyoo uwanjani. Minyoo mviringo humfuata akiwa bado tumboni mwa mama yake, na safura hupitia kwenye maziwa. Hii ndiyo sababu wataalamu hushauri dawa ianze mbwa akiwa na wiki 2, irudiwe wiki ya 4, ya 6 na ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, na baada ya hapo kila miezi 3. Mama apewe dawa siku moja na watoto wake. Ukimwacha yeye, unamwaga maji kwenye pakacha.

Kama mbwa wako amepata dawa mara moja tu, bado hujamaliza. Dawa nyingi huua minyoo iliyokomaa ndani ya utumbo. Ile michanga inayosafiri kwenye misuli na mapafu haifikiwi sawasawa, nayo baada ya wiki mbili au tatu huwa imeshuka kwenye utumbo ikaanza upya. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda na urudie katika wiki hizo, hata kama mbwa anachangamka.

Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mbwa wengi huumizwa na mtu anayewapenda. Kwenye duka la dawa za mifugo utakuta chupa ya dawa ya mbuzi na ng'ombe, na muuzaji atakwambia mpe kifuniko kimoja. Usikubali dozi ya kifuniko. Dawa ya fenibendazole, kwa mfano, ni salama kwa mbwa ikipimwa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku 3 mfululizo. Mbwa wa kilo 4 anahitaji miligramu 200 kila siku. Lakini dawa hiyo hiyo huuzwa ikiwa na nguvu tofauti. Kwenye chupa ya asilimia 10, miligramu 200 ni mililita 2. Kwenye ya asilimia 2.5, ni mililita 8. Soma asilimia, piga hesabu, tumia sirinji isiyo na sindano kupimia, na hesabu yako uipitishe kwa afisa mifugo wa kata kabla ya kumnywesha. Piranteli, inayotumika sana kwa watoto wa mbwa, hutolewa miligramu 5 kwa kilo. Tegu haisikii piranteli. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kilo.

Ziko dawa tatu ambazo wafugaji wengi wanazo nyumbani na ambazo hupaswi kumpa mtoto wa mbwa kwa kukisia. Levamisole inafaa kwa mbuzi, lakini kwa mbwa tofauti kati ya dozi na sumu ni ndogo mno. Albendazole inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu, na huyu ni mbwa ambaye damu yake ndiyo unayoitafuta. Ivamektini ya sindano ya ng'ombe ina nguvu kiasi kwamba kosa dogo la kipimo kwa mnyama wa kilo 3 linaweza kumwacha akitetemeka na kupofuka.

Siku mbili tatu baada ya dawa, mbwa anaweza kuhara kidogo na kutoa minyoo. Hilo ni la kawaida. Tumbo likiwa gumu na linauma ukiligusa, akatapika kila anachokula na asipate choo, huenda minyoo imeziba utumbo, na hapo ni daktari tu. Kuhara damu yenye harufu kali, pamoja na kutapika na kulegea kwa ghafla, mara nyingi si minyoo bali ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache. Mbwa anayehara bila hatari hizo mpe maji ya chumvichumvi yanayouzwa kwenye duka la dawa, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usimwekee bakuli akanywa yote kwa pupa. Mpe kijiko cha chai kila baada ya dakika tano au kumi, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.

Sasa chakula, ambacho ndicho tiba yenyewe.

Mbwa wengi wa vijijini hula makombo: ugali uliobaki, mchuzi uliobaki, mifupa. Kwa mbwa mkubwa aliyezoea kujitafutia, hayo yanaweza kumsogeza. Kwa mtoto anayerudisha damu, makombo yana shida mbili. Ya kwanza, ugali wa muhogo una wanga mwingi na karibu hauna protini. Anashiba, tumbo linajaa, na hakuna tofali la kujengea misuli wala damu. Ya pili ni kitunguu. Mchuzi wetu karibu wote una kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mbwa mwenye afya akilamba kidogo huenda asionyeshe dalili. Mbwa aliyetoka kunyonywa na safura hana damu ya kupoteza. Kwa wiki hizi, pika chake kando, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, bila chumvi.

Kigoma ina bahati ambayo mikoa mingine inainunua kwa nauli: dagaa wa Ziwa Tanganyika. Waliokaushwa wana protini nyingi, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, wanaleta pia madini ya chokaa. Wa sokoni mara nyingi wana mchanga na wengine wametiwa chumvi, kwa hiyo waloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, wasugue kwa mikono, mwaga maji, na urudie mpaka hakuna mchanga unaobaki chini ya bakuli. Kisha wachemshe dakika kumi na uwatwange kwenye kinu wawe rojo. Mbwa mchanga akipewa dagaa wazima huchagua, huacha ugali na kumeza vichwa bila kutafuna. Wakitwangwa wanaingia kwenye kila tonge.

Chukua mtoto wa mbwa wa kilo 4. Mgawo wake wa siku nzima unaweza kuwa hivi: unga wa mahindi vijiko vya kulia vinane vilivyosawazishwa, kama gramu 65, upikwe uwe ugali laini, dagaa wakavu gramu 30, yaani ukufi mmoja uliojaa, waliotayarishwa kama nilivyoeleza, yai moja lililopikwa, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mawese. Hapo kuna takribani kalori 440 na protini inayomtosha mbwa anayekua. Ganda la yai usilitupe. Likaushe juani, lisage mpaka lisikwaruze kidole, utie robo ya kijiko cha chai kwenye chakula chake cha siku kuongeza chokaa. Mara mbili au tatu kwa wiki, badala ya yai, weka vipande vya maini ya mbuzi au ng'ombe yaliyochemshwa vyenye ukubwa wa kidole gumba. Maini yana madini ya chuma ambayo damu mpya inayahitaji. Yasizidi hapo, kwa sababu vitamini A ya maini ikizidi humdhuru. Vidonge vya chuma vya binadamu usimpe kwa kukisia, maana chuma kikizidi ni sumu.

Maharage tunayo mengi, na mtu atauliza kama yanafaa. Yanafaa yakiwa yamechemshwa mpaka yapondeke kwa vidole, na yawe kiasi kidogo pembeni mwa dagaa, baada ya tumbo kutulia. Maharage yaliyoiva nusu yana sumu na yatamrudisha kwenye kuhara. Maziwa mabichi ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maziwa mgando vijiko viwili vitatu hukaa vizuri zaidi. Mawese yasubiri mpaka choo kiwe na umbo.

Mbwa aliyekonda sana usimjaze mara moja. Najua huruma inavyokuwa: unamwona analilia sufuria, nawe unataka kumpa yote. Mwili uliozoea njaa ukimiminiwa chakula kingi ghafla, madini ndani ya damu huvurugika na mbwa anaweza kufa akiwa na tumbo limejaa. Siku mbili au tatu za mwanzo mpe theluthi ya mgawo, kisha panda taratibu ufikie mgawo kamili baada ya wiki moja. Ugawe mara nne kwa siku: alfajiri, saa nne, alasiri, na kabla ya kulala. Akila pamoja na mbwa wakubwa, hatakula. Mwekee sufuria yake ndani ya banda au jikoni, simama hapo mpaka amalize, na uondoe kilichobaki.

Macho hudanganya, hasa kwa mbwa unayemwona kila siku. Mpime. Mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa maharage inatosha kabisa: weka mbwa ndani ya kikapu chenye mpini, soma, kisha toa uzito wa kikapu. Fanya hivyo siku ile ile kila wiki, kabla hajala, na uandike kwenye daftari. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi mitano anatakiwa kuongeza takribani gramu 2 hadi 4 kwa siku kwa kila kilo ya uzito atakaokuwa nao ukubwani. Kama mama yake ana kilo 15 na unatarajia afanane naye, hiyo ni gramu 30 hadi 60 kwa siku, au gramu 210 hadi 420 kwa wiki. Anayefidia anaweza kupita hapo. Pamoja na mizani, pitisha vidole ubavuni: mbavu unatakiwa uzihisi kwa urahisi chini ya ngozi na nyama kidogo, lakini usizihesabu ukiwa umesimama mbali. Kila wiki mgawo uufuate uzito. Mbwa aliyefika kilo 5 hatatoshwa na chakula cha kilo 4.

Mpaka fizi zirudi waridi, asipelekwe shambani kuinga nyani, wala watoto wasimkimbize mchana kutwa. Damu iliyopungua hubeba hewa kidogo, na moyo wake unafanya kazi mara mbili. Katika baridi ya Juni na Julai, mbwa mwembamba hutumia chakula chake kutetemeka badala ya kukua, kwa hiyo mpe gunia nene na mahali palipozibwa upepo.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Mayai ya safura yanayotoka na kinyesi huanguliwa, na ndani ya wiki moja hivi, kwenye udongo wenye unyevu na joto, viluwiluwi huwa tayari kupenya ngozi ya nyayo. Jua kali na ukavu huviua. Fikiria sasa nyumba nyingi za Uha, huku Kigoma, zilivyo: migomba imezunguka nyumba, kivuli hakiondoki, udongo una maji tangu mvua za Novemba mpaka Mei. Ndipo mbwa hujisaidia, na ndipo watoto hucheza peku. Okota kinyesi kila asubuhi kwa jembe na ukitumbukize chooni, si kwenye shimo la mbolea ya mchicha. Mahali anapolala mbwa pawe juani, pakavu, pamefagiliwa, na gunia lianikwe. Sakafu ya saruji imwagie maji yanayochemka. Mayai ya minyoo mviringo ni sugu zaidi: huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, kisha hudumu kwa miaka, na dawa za kusafishia hayazijali. Kwa hayo hakuna njia ila kuokota mapema.

Hili linawahusu watoto wako moja kwa moja. Mtoto akila udongo wenye mayai hayo, viluwiluwi vinaweza kuzunguka kwenye ini na mapafu yake, na mara chache kufika kwenye jicho na kuliharibu. Viluwiluwi vya safura ya mbwa vikipenya ngozi ya mguu wa mtu huchora mistari myekundu inayowasha na kusogea siku hadi siku. Sabuni na maji baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula, na viatu au ndala chini ya migomba, si mambo ya kuahirisha.

Nyama za ndani mbichi, hasa ini na mapafu yenye malengelenge ya maji, mbwa asipewe siku ya machinjo. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, watu waliishi kwa ukaribu sana na mbwa waliokula matumbo ya mifugo, na ugonjwa wa uvimbe wa maji unaotokana na tegu mdogo wa mbwa ulienea kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Shirika la afya la Amref lilianza mpango wa kuudhibiti mwaka 1983, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kwa mbwa wenyewe. Zichemshe nyama hizo, au zifukie kwa kina asichoweza kuchimbua.

Viroboto nao waangalie, kwa sababu mbwa hupata aina moja ya tegu kwa kumeza kiroboto akijikuna kwa meno. Mwogeshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu mchana wa jua, mchane, uanike matandiko. Dawa ya josho la ng'ombe usimpake mtoto wa mbwa.

Ikiwa baada ya wiki tatu umetoa dozi zote, chakula ni sawa, na mizani haisogei, acha kuilaumu minyoo. Kupe huleta magonjwa ya damu yanayofanya fizi ziwe nyeupe na homa ipande. Na nyanda hizi kwa muda mrefu zimekuwa nchi ya mbung'o. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Uha kwenye makazi maalumu kwa sababu ya malale. Mbwa anayefuatana na wawindaji au warina asali kuelekea pori la Moyowosi anaweza kuumwa na mbung'o na kupata nagana, malale ya wanyama, na dalili zake ni pamoja na jicho kuwa na ukungu wa kibuluu, uso ukavimba, mwili ukakonda huku anakula. Ugonjwa huo una dawa yake, na hauna uhusiano wowote na dawa ya minyoo. Na katika kipindi hiki cha kupona, chanjo ya kichaa cha mbwa ikifika kijijini, mpeleke hata kama hajanenepa, ukimweleza mtaalamu hali yake; akitimiza miezi mitatu hana sababu ya kuikosa.

Unapokwenda kwa mtaalamu, beba daftari la uzito, chupa au karatasi ya dawa uliyompa, na kinyesi cha asubuhi hiyo ndani ya kikopo safi chenye kifuniko, kiasi cha kijiko cha chai, kilichookotwa juu bila udongo. Kiwekwe kivulini njiani na kifike siku hiyo hiyo, kwani kikikaa kwenye joto mayai ya safura huanguliwa na kuwa vigumu kutambulika chini ya hadubini.